Fayawoli ya Bi Thuwaiba

Juzi kijana mmoja alinisimamisha pale Darajani, mkono mmoja ana mkate wa ajemi, wa pili ana simu. Akanipa shikamoo ya haraka, kisha akaniuliza: "Bi Mize, intaneti ya nyumbani kwetu inakokota kupita kiasi, nifanyeje?" Nikamuuliza keshafanya nini. Akasema amenunua kifurushi kikubwa zaidi na bado. Nikamuuliza kompyuta yake ina fayawoli gani, na kanuni zake zimeandikwaje. Alinitazama kana kwamba nimemuuliza bibi yake mzaa bibi alikuwa akipenda kupika nini. Tukacheka, tukaachana, akenda zake na mkate wake.

Nilifika nyumbani sina raha. Swali lile lile niliwahi kuulizwa katika nyumba moja ya Kiponda, mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili, na jibu lake lilinitia huzuni ambayo haijanitoka mpaka leo. Basi nimekaa kukuandikieni nyinyi vijana mnaofunga mitandao majumbani, mnaoingia na begi mgongoni na kutoka kabla kahawa haijapoa. Mimi nimestaafu, sina haraka. Mwenye haraka na aruke kurasa.

Nilianza na simu za waya, katikati ya miaka ya thamanini. Mkuu wetu wa kazi alikuwa Maalim Haji, mtu mfupi, mkali, mwenye masikio ambayo sijayaona kwa mtu mwengine. Alikuwa akishika mkono wa simu, anafumba macho, anasikiliza ule mlio, kisha anakwambia waya umeliwa na chumvi wapi. Sisi tulikuwa tunapapasa na vifaa, yeye anasikiliza tu. Mwenye simu akilalamika, Maalim alikuwa akituambia: "Musimuamini na musimbishie. Kaeni naye kwanza."

Siku ya kwanza aliponipandisha nguzo, mtaani Mlandege, wanawake walitoka majumbani kuja kutazama. Nimevaa suruali, kanga nimejifunga juu yake. Mmoja akauliza kwa sauti ili nisikie: "Huyo mumewe kamruhusu?" Maalim Haji akajibu bila ya kugeuka: "Mumewe ndo mie hapa, n'namshikia ngazi." Mimi sikuwa na mume wakati ule, na Maalim alikuwa na wake wawili. Maneno yale yalifika nyumbani kwake kabla yake, na kwa muda mrefu baadaye alikuwa akila chakula cha mchana kazini.

Lakini kuwa mwanamke katika kazi ile kulikuwa na faida yake. Nyumba nyingi za Mji Mkongwe, mchana wanaume hawapo. Fundi mwanamume akija anaishia barazani mpaka mwenyewe arudi. Mimi nilikuwa napita mpaka ukumbini, nakaa na kina mama, naona mambo yanavyokwenda. Simu ilipotoka kwenye kuongea ikawa njia ya intaneti, na modemu zikaanza kupiga kelele kwenye nyumba za watu, nilikuwa nimeshazijua nyumba zenyewe.

Sasa nije kwenye fayawoli. Kwa asiyejua, ni programu inayokaa ndani ya kompyuta yako na kukagua kila kinachoingia na kinachotoka. Wewe unaiandikia kanuni: hiki kiruhusu, hiki kizuie. Inazisoma kutoka juu kwenda chini mpaka ikutane na inayohusika. Ikikutana na kitu kisichokuwa na kanuni, inakutolea kidirisha kwenye kioo: niruhusu au nizuie? Hakuna uchawi zaidi ya huo. Lakini watu wakishaingiwa na hofu ya virusi, wanaandika kanuni kama wanaotupa chumvi kwenye chungu gizani, kisha wanasema laini mbovu.

Kule Nungwi alikuwepo bwana mmoja mwenye nyumba ya wageni. Aliniita kwa hasira: wageni wake wanasubiri barua pepe mpaka chai inapoa. Nikaikuta kompyuta yake ina fayawoli tatu, zote zinafanya kazi kwa pamoja. Kila kinachoingia kinakaguliwa na ya kwanza, kinakaguliwa na ya pili, kinakaguliwa na ya tatu, na kompyuta yenyewe ilikuwa kongwe, kufungua ukurasa mtupu tu inahema. Nikatoa mbili, mashine ikapumua. Bwana yule hakufurahi hata kidogo. Alisema anajiona yuko uchi. Alinibembeleza nimrejeshee walau zile alama zake mbili pale chini ya kioo. Nikamrejeshea alama tu, hazina kitu nyuma yake. Akanipa samaki kwa furaha, na mpaka naondoka kazini alikuwa akiwasifia wageni ulinzi wake.

Mwengine alikuwa mwalimu wa skuli huko Chwaka. Yeye barua za maneno matupu zilikuwa zinafika, lakini picha zinakwama katikati na kompyuta inabaki inazungusha tu. Alishaandika malalamiko kwa watu wa simu mpaka wakamjua kwa jina. Kumbe aliandika kanuni ya kuzuia zile taarifa ndogo ndogo ambazo mitambo ya njiani hupelekeana. Katika taarifa hizo imo moja inayosema: vipande vyako vikubwa, vikate, havipiti hapa. Yeye keshaizuia isimfikie. Kompyuta yake ikawa inaendelea kupeleka vipande vikubwa visivyopita, inangoja, inarudia, inangoja. Nilipomfungulia taarifa ile moja, picha zikashuka. Aliona haya kidogo, akanikaribisha pweza wa nazi, na habari ya malalamiko ikafia hapo.

Na jengine, mulishike vizuri, maana litakuja kuniuma mbele ya safari. Kuzuia kuko kwa namna mbili. Unaweza kuzuia kwa kimya: mtu wa upande wa pili anagonga, hapati jibu lolote, anangoja, anarudia kugonga. Au unaweza kuzuia kwa kujibu: anagonga, anaambiwa hapana, anajua na anaendelea na mengine. Kanuni nyingi za kimya zinaifanya laini ionekane nzito, kwa sababu pande mbili zinangojana bure. Tuliokuwa kwenye kazi tulikuwa tukipendelea ya kujibu. Ni upole, na ni haraka zaidi. Kiufundi ni kweli mpaka kesho.

Nassor wa Kiponda alikuwa akilijua hilo kabla sijamwambia. Alikuwa mtu wa makamo, kazi yake kuchapa kadi za arusi na matangazo; mchana akipokea oda dukani kwake, na kompyuta yake ilikuwa ukumbini kwa mama yake, Bi Thuwaiba. Mwaka mmoja nyuma kirusi kilimlia kadi zote za arusi moja kubwa, na wenye arusi walimkalia kitako mpaka akaona dunia ndogo. Tangu hapo akawa mtu wa fayawoli. Alikuwa akisoma kila anachokipata kuhusu ulinzi wa kompyuta, na akiandika kanuni jioni kama watu wengine wanavyocheza bao.

Aliniita kwa sababu laini ilikuwa inakokota. Lakini haikuwa kwa ajili ya kadi.

Dada yake, Raya, alikuwa ameolewa Maskati. Alipata maradhi ya koo, akapasuliwa, akapona kwa kiasi, lakini sauti ikaondoka moja kwa moja. Kwa hivyo simu ikawa haina maana tena. Bi Thuwaiba alikuwa akisoma Kur-ani kwa kisomo kizuri na herufi za Kiarabu akizijua vyema, lakini za Kizungu hakuwahi kufundishwa, na barua pepe kwake zilikuwa mikwaruzo tu. Miguu yake ilivimba, na daktari alimkataza ndege. Raya naye alikuwa kwenye matibabu, hasafiri. Iliyobaki ni njia moja ya kuonana: picha. Kulikuwa na programu ya kuzungumza kwa kamera, Nassor akaiweka, akamuandikia dada yake, wakapatana: kila siku baada ya alasiri, kabla dawa za jioni hazijamlaza, Raya atapiga kutoka kwake, na mama atakaa mbele ya kioo amuone.

"Basi hata siku moja haijatokea, Bi Mize," Nassor aliniambia. Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyechoka kuomba. "Yeye anasema anapiga. Mama anasema anakaa. Mie mchana nakuwa dukani, nnawasha mashine, nnaunganisha laini, nnamwachia. Jioni nikirudi, hamna kitu. Laini hii itakuwa inashindwa kubeba picha."

"Na kila siku anakaa?"

"Kila siku. Na Raya atapasuliwa tena. Wanampeleka India. Anataka kumuona mama kabla."

Nikakaa kwenye kompyuta. Wallahi, sijapata kuona kanuni nyingi namna ile kwenye mashine ya mtu mmoja. Nyengine zilirudiwa mara mbili, nyengine zinapingana, ya juu inaruhusu na ya chini inazuia. Alizuia njia moja ya kuulizia majina ya kurasa, kila ukurasa ukawa unaanza kwa kungoja. Zile taarifa ndogo za njiani alizizuia zote, kama mwalimu wa Chwaka. Jambo moja nililomsifu ni kwamba anachokizuia anakijibu hapana, hakiachi kikining'inia. Nikafuta, nikapanga, nikapandisha juu zinazotumika sana. Kurasa zikaanza kufunguka vizuri, na Nassor akashika kichwa kwa furaha.

Nilimwambia nitarudi siku ya pili alasiri, nikae na mama yake, nione kwa macho yangu picha inavyokuja. Ile ilikuwa tabia ya Maalim Haji imenikaa: usiondoke mpaka umekaa nao.

Siku ya pili nilimkuta Bi Thuwaiba keshakaa kwenye kiti mbele ya kioo. Kanga mpya, mtandio umefungwa vizuri, wanja machoni, na udi umefukizwa ukumbi mzima.

"Shikamoo, Bi Thuwaiba."

"Marahaba, mwanangu. Vuta kiti."

"Bi, umeifukiza kompyuta udi? Haina pua hii," nikamtania.

"N'najua haina. Mie ndo nnayo. Nikinusa udi uso wangu unakunjuka, na mie nataka mwanangu anione nimekunjuka. Asinione mzee."

Tukanywa kahawa. Akanihadithia Raya alivyokuwa mdogo, alivyokuwa akiimba jikoni mpaka majirani wanampigia makelele. "Sauti yote ile," alisema, "Mungu kaichukua. Lakini uso kaniachia." Alikuwa haondoi macho kwenye kioo hata anapokunywa.

Kidirisha kikatokea. Kidogo, chekundu, kimejaa maandishi ya Kiingereza.

"Ah! Kaja tena huyu," Bi Thuwaiba alisema.

"Nani huyo?"

"Huyu mdudu wa Nassor. Kila alasiri kama hivi hanikosi. Nassor kanambia, mama, ukiona kitu kinataka kuingia, usikikubalie, bonyeza hapa. Basi mie n'namngoja tu hapa hapa." Akasogeza kipanya taratibu, kwa uangalifu wa mtu anayetia uzi kwenye sindano, na kabla sijafungua mdomo alishabonyeza. Kidirisha kikaondoka. Akanigeukia, anatabasamu mpaka meno ya nyuma. "Umeona? Nassor ana kadi zake, mie mlinzi wake."

Mimi nilishayasoma yale maandishi. Yalisema kwamba programu ya kuzungumza kwa kamera inaomba kumpokea mtu kutoka nje, na yakauliza: niruhusu au nizuie?

Musimcheke, wanangu, na musiseme mzee hajui kompyuta. Bi Thuwaiba alilelewa katika nyumba ambayo mwanamke aliye peke yake hamfungulii mtu asiyemjua. Anachungulia kwa dirishani, anauliza nani, na akiwa hamtambui anamwambia mwenye nyumba hayupo. Kidirisha kile kilikuja bila ya uso, kwa maandishi asiyoyajua, wakati mwanawe hayupo nyumbani. Alifanya kama alivyofundishwa na mama yake, na kama alivyofundishwa na mwanawe. Na Nassor naye, tangu alipoiweka programu ile, hakuwahi kuwepo wakati wa alasiri akakiona.

Nasema kweli, nilitamani kumwambia ni laini. Ingekuwa rahisi, na hakuna ambaye angejua. Lakini kidirisha kile kingerudi kesho, na kidole kile kingebonyeza pale pale.

"Bi Thuwaiba," nikasema, "huyo si mdudu."

"Nani basi?"

"Huyo ni Raya."

Kwanza alicheka. "Raya na Kizungu wapi na wapi?"

Nikamueleza pole pole. Kwamba kabla ya picha kuja, kompyuta huuliza kwanza. Kwamba haimjui Raya kwa jina, inajua tu kuna mtu nje anataka kuingia. Nilivyokuwa naeleza, niliona uso wake ukibadilika, udi na wanja havikuweza kuuzuia. Akauondoa mkono kwenye kipanya, akauweka mapajani, akaufunika kwa mkono wa pili.

"Kaja kila siku," alisema.

Akakitazama kioo.

"Mwanangu kaja kila siku, mie n'namwambia hapana."

Sijui kama mumewahi kukaa na mtu aliyeambiwa jambo kama hilo, na wewe ndiye uliyemwambia. Nilitaka kumshika mkono, nikaona si haki yangu. Nikafanya ninachokijua: nikaandika kanuni ya kuiruhusu programu ile, nikaiweka juu ya kanuni zote, na tukajaribu kumpigia Raya sisi. Tulipiga, tukapiga. Upande wa pili hapakuwa na mtu; alishaifunga mashine yake na kuondoka.

"Kesho, Bi," nikamwambia. "Kesho atakuja moja kwa moja, haulizwi."

"Inshaallah," alisema. Na akabaki amekaa pale pale, mimi nikaondoka nikamuacha amekitazama kioo.

Kesho yake nilikwenda tena, na Nassor alifunga duka akaja. Tulikaa watatu. Udi ulifukizwa upya. Alasiri ikapita, magharibi ikaadhiniwa, na kioo kikabaki vile vile. Nassor akampigia simu shemeji yake, Seif, mume wa Raya. Nilikuwa karibu, nikasikia kila neno. Seif hakuwa Maskati. Walisafiri usiku ule ule, walikuwa India tayari, madaktari walisema wasingoje zaidi. Raya alishapewa dawa ya usingizi.

Nassor akamueleza yote, anakimbia na maneno, anababaika: kidirisha, mama, hapana. "Mwambie, Seif. Mwambie mama hakujua. Mwambie alikuwa akimngoja kila siku."

"Akiamka nitamwambia," Seif alisema.

Bi Thuwaiba alitaka kujua kilichosemwa, na Nassor akamwambia. Tangu hapo akawa na neno moja tu. Nassor akiingia kutoka dukani, anamuuliza: "Kaamka?" Simu ikilia: "Kaamka?" Mimi nikipita kuwajulia hali, hata salamu hajapokea: "Mize, Nassor kakwambia? Kaamka?"

Hakuamka.

Nilikaa matangani na wanawake wenzangu, nikachambua mchele, nikapokea watu, nikalia kama ndugu wa tumbo moja, na mimi Raya sijapata hata kumuona. Seif alikuja Unguja baada ya maziko. Siku moja Nassor alinivuta kando, barazani, akaniambia jambo ambalo Seif alimwambia yeye peke yake, na mama yake alikuja kufariki bila ya kulijua. Kule Maskati, Raya alipokuwa akipiga, kioo chake hakikuwa kikikaa kimya. Kilikuwa kikimuandikia kwamba mtu wa upande wa pili amekataa. Kila alasiri, amekataa. Raya hakuwa na sauti, alikuwa akizungumza na mumewe kwa kuandika, na akamuandikia: "Mama hataki kuniona na shingo hii."

Nassor aliniuliza, huku anafuta uso kwa kofia yake: "Ningeizuia kwa kimya, angedhania laini mbovu, siyo?"

Nilimwambia ndiyo, angedhania laini mbovu. Sikuona njia ya kumdanganya mtu aliyejua jibu kabla ya kuuliza. Nikamwambia pia kwamba kanuni aliyoiweka ilikuwa sahihi, na fundi yeyote angemsifu kama nilivyomsifu mimi. Hilo halikumsaidia kitu, na wala halinisaidii mimi.

Kwa hivyo nyinyi mnaoniuliza kuhusu kasi ya laini, nakuambieni la kikazi kwanza. Futeni kanuni zinazorudiwa. Msiweke fayawoli mbili kwenye mashine moja. Msizuie taarifa za njiani mkidhani kila kidogo ni adui. Zinazotumika sana ziwe juu. Hayo yatakupeni kasi. Lakini kabla ya kugusa chochote, kaeni na watu wa nyumba ile, muwaulize wanamngoja nani. Muulizeni mwenye kompyuta, na muulizeni pia yule anayekaa nayo mchana mwenyewe akiwa hayupo. Onesheni kwa kidole kile kidirisha kitakavyokuwa siku mgeni wao atakapokuja. Kukaa nao nilifundishwa na Maalim Haji, lakini hilo la kidirisha sikuwahi kufundishwa na mtu, na sijaliona kwenye kitabu chochote cha kazi hii.

Matanga yalipokwisha, na watu wakarejea kwenye shughuli zao, Bi Thuwaiba akanitumia salamu niende. Nilimkuta amekaa kwenye kiti kile kile. Nilidhani atataka niiondoe mashine asiione tena. Nilikuwa nimeshajipanga namna ya kumwambia Nassor.

"Ile fayawoli yenu ipo?" aliniuliza.

"Ipo, Bi. Ukitaka nitaiondoa."

"Usiiondoe. Iache iulize." Akakikamata kipanya. "Cha hapana n'nakijua. Nioneshe cha ndiyo."

Nikajaribu kumueleza. Nikamwambia viko vidirisha vya kila namna, vyengine ni vya virusi vya kweli, vyengine ni matangazo ya watu wasiokuwa na haya, akisema ndiyo kwa kila kimoja mashine itakufa. Alinisikiliza mpaka mwisho kwa adabu zake zote, kama alivyokuwa akimsikiliza kila mtu. Kisha akasema tena: "Nioneshe, mwanangu." Nikamuonesha.

Haukupita muda Nassor akanipigia. Laini inakokota. Nikenda, nikafungua ile orodha ya kanuni, na zote mpya zilikuwa za kuruhusu. Kanuni za ndiyo nazo zinaiua laini, tena kwa kasi kuliko za hapana, maana kila ulichokiingiza kinakula sehemu yake ya njia. Mashine ilikuwa imejaa takataka za dunia nzima, kila moja inatuma na kupokea, na ukurasa mmoja wa Nassor unangoja nyuma ya wote hao. Nassor alisimama nyuma yangu, anatazama. Siku za mbele akanunua kompyuta nyengine kwa ajili ya kadi zake, akaipeleka dukani. Ile ya ukumbini tukamuachia mama yake.

Nikawa napita kila ninapopata nafasi, namsafishia yale mabaya zaidi, ili mashine isizime kabisa. Kanuni za kuzuia sikumuandikia tena. Mara moja nilimkuta alasiri amekaa, mtandio umefungwa. Kidirisha kikatokea. Aliinama mbele, akakitazama, akapeleka mkono, akabonyeza ndiyo.

"Pita, mwanangu," alisema.

Kikafunguka, likatoka tangazo la saa za mkononi. Mwanamke wa Kizungu ananyanyua mkono, anaugeuza, anacheka. Bi Thuwaiba alimtazama mpaka tangazo likaisha, na hakulifunga.